Hadia na Kisima cha Bwana Yunusi

Kila Jumanne baada ya alasiri Hadia alisoma redioni kipindi cha mazingira kilichodhaminiwa na kampuni moja ya mafuta. Maandishi yalimjia tayari. Kazi yake ilikuwa kuyatia Kiswahili kitamu. Hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zama za Nabii Nuhu, yalisema, na visima vikiingia chumvi ni kwa sababu watu wamechota kupita kiasi. Watu waliipenda sauti yake, wakaamini.

Siku moja Bwana Yunusi, mkulima wa kisiwa cha Ndau, alimfuata ofisini.

"Bi Hadia, mimi ndimi niliyechimba kisima kipya," alisema. "Visima vya nti yetu, Ndau nzima, vimeingia chumvi. Tangu usome maneno yale, majirani wasema ni mimi niliyeviharibu, hawaniamkui."

Kesho yake Hadia alivuka hadi Ndau pamoja na Mueni, mtaalamu wa maji. Mueni alipima maji na kuuliza kila kisima kiliharibika lini. Visima vya ufuoni vilianza kuharibika miaka minne kabla Bwana Yunusi hajachimba chake.

"Mvua zimepungua na bahari inapanda," alisema Mueni. "Inapanda kwa sababu dunia inapata joto, na moshi wa mafuta ndio unaoitia joto. Waliokuandikia hawakosi kulijua hilo."

Jumanne Hadia aliyaacha maandishi mezani.

"Niliyowasomea wiki sita yaliandikwa na wauza mafuta, nami sikuwaambia," alisema hewani. "Bwana Yunusi hana kosa. Nawaomba radhi." Kisha akaeleza aliyoyaona Mueni.

Alitoka studio. Meneja, Bwana Abdulghafur, alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Kampuni imejitoa."

Hadia akauchukua mkoba wake.

"Wenda wapi?" meneja akamzuia. "Ni mimi niliyeyapitisha maandishi yale bila kuyasoma. Alhamdulillahi umesema wewe. Mimi ningetafuta maneno mpaka Ramadhani."

Hadia akaketi ngazini, akalia huku akicheka.

Kipindi kilibaki, kifupi zaidi. Ijumaa, baada ya sala, majirani watatu walimfuata Bwana Yunusi nyumbani kumtaka msamaha, wakanywa kahawa kwake.

Jumanne iliyofuata mama mmoja wa kijiji cha Chundwa alipiga simu kuuliza apande nini, mvua zikiwa hivi.

"Sijui, mama," Hadia alijibu. "Lakini nitamleta anayejua, tumuulize sote."

Hakuwahi kusema "sijui" hewani kwa moyo mwepesi namna ile.