Jina la Tatu Mlangoni

Sijawahi kuelewa kwa nini ofisi ya kodi ndiyo inayotaka kujua mtu analala wapi. Niliuliza swali hilo wiki yangu ya pili Stockholm, nikiwa nimesimama kaunta, na dada aliyekuwa akinihudumia akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Kwetu Morogoro aliyetaka kujua nani kalala wapi alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee wa chama mwenye daftari lake, na nilipokuwa chuo kikuu nilipenda kuwaambia wenzangu kwamba daftari lile ni upelelezi uliovaa kandambili. Sasa nimesafiri hadi Ulaya kusoma shahada ya pili, na huko nako nakuta balozi, ila huyu ana kompyuta.

Fomu nilijaza hata hivyo. Usiposajili anwani hupati namba ya utambulisho, personnummer, na bila namba benki hawakufungulii akaunti, maktaba hawakuazimi kitabu, na zahanati wanakuuliza namba kabla ya kukuuliza unaumwa nini. Kwa miezi yangu ya kwanza nilikuwa mtu anayepumua tu.

Nilipanga chumba Bredäng, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya sita, kwa mama mmoja Mkongo kutoka Uvira. Alifika Sweden kama mkimbizi, na sasa alikuwa akihudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Siku ya kwanza alinionyesha jiko, bafu na chumba cha nyuma, akasema, "Nyumba ni ya bwana yangu. Iko safari. Weye usimwage maji kwa sakafu ya bafu."

Kweli, mlangoni juu ya tundu la barua palikuwa na kibao cheusi chenye herufi ndogo nyeupe. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la mwanamume, wa pili jina la mama. Kwa hiyo fomu iliponitaka niandike naishi kwa nani, nikaandika c/o, yaani kwa fulani, kisha jina la yule bwana. Alikuwa juu, na nyumba ni ya baba. Mimi niliyehoji kila kitu, kuanzia Mungu hadi ratiba ya treni, hilo sikulihoji.

Baada ya wiki tatu nilirudi mchana kutoka darasani nikamkuta mama amekaa kwenye kiti cha kuvulia viatu, koti bado mwilini, bahasha mkononi. Ilikuwa bahasha ya serikali, yenye kidirisha. Kidirishani palisomeka jina langu, na chini yake jina la mume wake.

"Imekuja na jina yake," alisema. "Miaka saba ile jina iko kwa mlango. Hakuna barua hata moja."

"Ni yangu, Mama. Ni ya ofisi ya kodi."

"Naona ni yako." Akanipa. "Nilisoma ya chini kwanza."

Barua ilikuwa na adabu. Ilisema mtu niliyemtaja hajasajiliwa kwenye anwani hiyo wala popote nchini. Nieleze ndani ya siku kumi ninaishi kwa nani, la sivyo ombi langu litaamuliwa kwa taarifa zilizopo. Nilijua maana yake: hakuna anwani, hakuna namba.

"Wanasema hayupo popote nchini," nikamwambia. "Mama, huyu bwana kasafiri kwenda wapi?"

Akavua koti. Akalitundika. Akaniambia bila kunitazama kwamba walipokimbia Uvira walifika pamoja mpaka njia ya mpaka wa Burundi, ndipo mumewe aliporudi kumchukua mama yake mzazi. "Alisema, tangulia, nakuja. Basi nikatangulia." Miaka ikapita, akapewa nyumba Bredäng, na watu wa nyumba wakamwuliza mlangoni waandike nani. "Nikatoa jina yake kwanza. Siku akifika asiulize-ulize kwa majirani. Aone jina yake, aingie."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Lakini Mama, ndiyo kusema aliyeko mlangoni hayuko ndani, na mimi niliyeko ndani siko mlangoni."

Nilidhani nimesema jambo kubwa.

"Hiyo ndiyo wanakufundisha kule, Bwana Université? Kuhesabu watu kwa nyumba ya wenzako?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Toa jina ya bwana yangu kwa karatasi yako. Na yako usiweke kwa mlango yangu."

"Jina lisipokuwa mlangoni mtu wa posta hatumbukizi barua, anairudisha. Namba yangu itakuja kwa barua."

"Na watu wa kanisa? Wanakuja hapa kila Dimanche. Mwanamke peke yake, mara jina ya kijana chini yake? Watasema nimechoka kungoja."

"Watasema ukweli, kwamba kuna mpangaji."

"Mpangaji! Mi ni hoteli?"

Kesho yake alipokwenda kazini nilikata kipande cha karatasi, nikaandika jina langu kwa kalamu nene, nikalibandika chini ya kibao. Jioni halikuwepo. Asubuhi nikabandika jingine. Jioni halikuwepo. Hatukulitaja. Tulikaa mezani tukala wali na sombe, yaani kisamvu cha kwao, tukazungumza habari za baridi na za kizee mmoja kazini kwake aliyekuwa akificha meno yake ya bandia, kisha kila mmoja akaenda chumbani kwake akijua mwenzake atafanya nini kesho. Sitaki kujifanya nilikuwa na huruma. Nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni kwamba nimeshaombwa vyeti na picha na alama za vidole ili nionekane mtu, sasa naombwa pia nimpishe mtu ambaye hata mke wake hajui kama yu hai. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumapili, nikangoja aende kanisani, nikabandika jina langu kwa mkanda mpana wa kufungia maboksi, pande zote nne.

Alirudi na akina mama wawili wa kwaya. Nilikuwa chumba cha nyuma, mlango wazi kidogo, na nikawasikia wakisimama nje.

"Ee mama! Mlango yako imezaa?"

Kicheko.

"Bwana mmoja juu, mwingine chini! Sasa sisi tupige vigelegele ama tufunge kula tuombe?"

Nilisubiri kusikia mkanda ukibanduliwa. Nilijua mlio wake, maana wakati wa kuubandika niliukosea mara mbili nikaubandua.

"Ule ni mtoto ya shule," mama akasema. "Serikali inataka kujua analala wapi. Analala hapa. Weye ni serikali?"

"Aa, mama, tunacheza tu."

"Kama si serikali, vua viatu uingie. Na ule wa juu bado ni wa juu. Mwenye amechoka kumngoja, achokee kwake."

Waliingia. Waliimba mazoezi yao kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Mkanda haukuguswa.

Walipoondoka alikuja kusimama kwenye mlango wa chumba changu. "Hiyo barua. Utajibu nini?"

"Nitaandika kwamba naishi kwako, kwa jina lako. Na kwamba huyu bwana hakai hapa."

"Usiandike vile."

"Mama, hakai hapa."

"Andika bado hajafika."

Nikamweleza, kwa subira niliyoiona kuwa kubwa sana, kwamba fomu haiulizi hivyo. Mtu anakaa au hakai. Hakuna kisanduku cha tatu.

"Najua visanduku," akasema. "Nilipofika waliniuliza, uko mjane ama umeolewa? Nikasema nimeolewa. Wakauliza, bwana iko wapi? Nikasema sijui. Wakauliza tena, basi uko mjane? Nikasema, nimewaambia nimeolewa. Wakaandika yao." Akaegemea mlango. "Weye unabishana na kila mtu. Na Mungu unabishana. Karatasi ndiyo unaogopa?"

Hapo alinipata. Mimi binafsi sikuamini kwamba mtu yule angekuja, na leo pia siamini. Lakini nilijiuliza nani aliyempa mwenye fomu haki ya kuamua kwamba majibu yanayofaa ni mawili tu. Nikachukua kamusi. Nikaandika kwa Kiswidi changu cha wiki chache kwamba naishi kwa mama fulani, mwenye mkataba wa nyumba. Chini yake nikaandika: *Mume wake bado hajafika.* Mama akanitaka nimsomee kwa Kiswahili, kisha kwa Kiswidi, kisha kwa Kiswahili tena.

Sikuipeleka posta. Nilikwenda nayo mwenyewe. Safari hii kaunta alikuwepo kijana wa umri wangu, mwenye miwani, mpole. Aliisoma, akarudi kwenye mstari wa mwisho.

"Unamaanisha anatarajiwa kuhamia?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Namaanisha hajafika."

"Atafika lini?"

"Hatujui."

"Basi taarifa hii haiathiri ombi lako. Naweza kuikata?" Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Hapana."

"Haibadilishi chochote."

"Kama haibadilishi chochote, iache. Mliuliza nani anakaa kwenye ile anwani. Hilo ndilo jibu la nyumba nzima, si langu peke yangu."

Alitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, akatazama kidole changu, ambacho nilikuwa nimekiweka juu ya mstari ule bila kujua. Akagonga mhuri wa tarehe pembeni mwa karatasi na kuiweka kwenye trei.

Namba yangu ilifika kabla ya mwezi kwisha, kupitia tundu la mlango, nami nikaanza kuazima vitabu na kuudhika na benki kama watu wengine. Sijui kama kuna aliyeusoma tena mstari ule. Lakini umo katika majalada yao, kwa mwandiko wangu mbaya, una mhuri. Na wakiniuliza leo, sibadilishi hata neno moja.