Barakoa ya Maalim Abdulatif

Ukitaka kumkasirisha Bi Zuhra wa Ujiji, mpelekee gauni lililoshonwa na fundi mwingine umwombe alipunguze kiuno. Ataligeuza nje ndani, atasonya, kisha atalifumua lote na kuanza upya, upende usipende. Mimi ni muuguzi, niliyeletwa Kigoma kikazi kutoka Bukoba miaka kumi na tisa iliyopita, na nguo zangu zote za kanisani zimepita kwenye cherehani yake. Tumegombana mara nyingi. Sijawahi kumshinda.

Mumewe, Maalim Abdulatif, alifundisha madrasa hadi moyo ulipoanza kumsumbua. Alikuwa mnene wa shingo, mwingi wa utani, na mkoromaji ambaye majirani walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kukoroma kwenyewe si kitu. Kilichomtisha Bi Zuhra ni pale kukoroma kulipokatika. Pumzi inasimama, yeye anahesabu kimoyomoyo, akifika ishirini anamsukuma ubavuni, na Maalim anagutuka akitweta kama aliyeibuka kutoka majini. Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke yule alilala jicho moja. Mchana ungemkuta amesinzia juu ya cherehani, sindano imesimama katikati ya mshono.

Mwishowe walikwenda Dar es Salaam, Maalim akapimwa, wakarudi na mashine inayosukuma upepo puani kupitia barakoa ya mpira laini, ili koo lisijifunge mtu akilala. Kumfundisha kuivaa ikawa kazi yangu. Barakoa ile inataka ikae usoni bila mwanya wowote. Upepo ukivuja, mashine inanguruma bure. Na Maalim alikuwa na ndevu za kushika kwa ngumi.

"Zipunguze, Maalim," nikamwambia. "Mpira haushiki juu ya ndevu."

"Nesi, mashine nimeazimwa, ndevu ni zangu," akajibu. "Kipunguzwe cha kuazima."

Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Bi Zuhra aliichukua barakoa, akaikagua kama anavyokagua kazi mbovu ya fundi mwingine, kisha akakata flana ya shuka kuukuu la mtoto na kushona pete ya kukaa kati ya mpira na ndevu. Akaona mikanda inabana masikio, akaongeza mkanda mwingine wa kitambaa unaopita chini ya kisogo. Alifumua mara nne. Mara ya tano upepo ukatulia. Nimehudhuria semina nyingi maishani mwangu, na sijaona kazi safi namna ile.

Bi Zuhra akaanza kulala. Uso ukanawiri, akanitania kwamba sasa mimi ndiye mzee kati yetu. Nilifurahi, nakiri, kama vile nilishona mimi.

Baadaye barakoa ikamchubua Maalim juu ya pua, akaanza kuivua kabla hakujapambazuka. Mama yake Bi Zuhra ni wa Simbo, wanakokamua mawese, na kwao mtoto akiungua ni mawese, kisigino kikipasuka ni mawese. Bi Zuhra akampaka mumewe mawese puani. Akapaka na ndevu ili zilale. Akapaka na ukingo wa mpira. Michubuko ikapona, na mafuta yakaziba hata vile vimianya vidogo vilivyobaki, upepo usisikike kabisa.

Hakujua kwamba mafuta huuharibu mpira ule. Unavimba taratibu, unapoteza umbo, kisha unateleza. Nilikuwa nimemwambia aoshe kwa sabuni isiyo kali na aanike kivulini. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na mstari unaokataza losheni na krimu. Niliuruka. Nilijiambia wazee hawa hawapaki losheni, ya nini kuwachosha.

Ijumaa moja ya mwezi wa nne Bi Zuhra aliamshwa na adhana ya alfajiri. Barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni, mashine inapuliza shingo, na Maalim alikwishapoa.

Daktari aliandika moyo, na kweli moyo ule ulikuwa umechoka. Siwezi kuapa kwamba ni mawese. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu msibani, na baada ya arobaini nikakabidhiwa mashine niirudishe. Nilipoifungua nyumbani, barakoa ikaniponyoka mkononi. Ukingo wake ulikuwa umelegea na kugeuka rangi ya chungwa. Nikaelewa yote, nikanyamaza miezi minne. Nilijiambia namhurumia mjane. Uongo mtupu, nilikuwa naogopa.

Sifa za ile pete ya flana zilikwishafika Katubuka, kwa Mwalimu Anatoli, mstaafu aliyepewa mashine kama ile. Juzi Bi Zuhra akaniita nimpelekee pete yake.

"Iko tayari," akasema, "na chupa hii ya mawese ya Simbo mpe Eufrasia, mkewe. Ampake puani na ukingoni. Ataona upepo unavyotulia."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia, nimesimama, mawese yalivyoiharibu ile barakoa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na yeye si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijui, Bi Zuhra. Moyo wake..."

"Moyo sijakuuliza." Akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Miaka kumi na mmoja nilikuwa macho. Nikalala miezi miwili tu, nesi. Miwili."

Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa akinitazama mikono.

"Wiki ile ya mwisho ulikuja kumwona," akasema. "Ukamshika pua, ukasema naona vidonda vimepona. Vidole vyako havikuteleza?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Kila nyumba ya Ujiji hunuka mawese saa ya chakula, nani angenilaumu?

"Viliteleza," nikasema. "Nikadhani ametoka kula. Nikajifuta kwenye sare."

Nilingoja matusi, na nilikuwa nayahitaji. Bi Zuhra aliinuka, akarudisha ile chupa jikoni, akakaa tena. Akaikunja pete ya Mwalimu Anatoli ndani ya gazeti na kunikabidhi.

"Safari hii mfundishe vizuri," akasema. "Na mkewe mwambie asilale."