Uji wa Mama Mkwe

Kuna neno moja ambalo likitajwa mezani mbele yangu naweza kuinuka nikaondoka: kidogo. Onja kidogo. Kula kidogo tu, usiaibishe wenyeji. Kwani kidogo kitakufanya nini? Nimeambiwa hivyo harusini, matangani, kwenye chama cha akina mama, na hata kanisani, na mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa amenishika kichwa akiniombea nipone.

Mimi siwezi kula ngano. Sio kwamba siipendi. Chapati naipenda kuliko wengi wenu, na asubuhi nikipita karibu na kibanda cha mandazi pale Shirere ninakopanga, mate hunijaa mdomoni hadi nikasirike. Lakini kinga ya mwili wangu imepotoka. Ngano ikiingia tumboni, mwili unaugeukia utumbo wake wenyewe na kuushambulia, na utumbo ulioshambuliwa hauwezi kuchukua kitu chochote kutoka kwa chakula. Unakula na bado unakonda. Unakula na bado damu inapungua. Ugonjwa huo unaitwa siliaki, na hauna kidonge. Dawa yake ni kuacha ngano na shayiri, zote, pamoja na makombo, maisha yako yote.

Kabla sijalijua jina hilo nilitibiwa taifodi mpaka nikaizoea. Tumbo likiuma, taifodi. Nikiharisha, taifodi. Damu ikipungua, naambiwa ni minyoo. Mimba ya kwanza ilitoka, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Ya pili ilipotoka, shangazi za mume wangu wakaanza kuulizana kama huko nilikotoka hakuna kitu kilichofichwa. Nyasaye, Mungu wangu! Mtu anafiwa na mtoto na bado anachunguzwa ukoo! Hatimaye daktari mmoja alinituma nikaangaliwe utumbo kwa kamera, na majibu yaliporudi akaniambia huenda hata mimba zilitoka kwa sababu hiyo. Huenda. Nililibeba hilo neno mpaka nyumbani, nikalichukia pia.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya tatu nilijua ninalinda nini. Niliacha kula nje. Wimbi wangu nilisaga mahali ambapo hawasagi ngano kabisa, na watu kwenye foleni waliponiuliza kwa nini napita mashine ya karibu, nilisogeza mfuko wangu mbele, maana nilishachoka kueleza.

Lakini mgonjwa hakosi walimu. Mama mmoja wa kanisa letu, anayekaa Shieywe, alinifuata nyumbani na kopo la unga wa kukoroga kwenye maji. Alisema una bakteria wazuri, utatengeneza tumbo, nitarudi kula chapati kama watu wengine. Nikaligeuza kopo nikasoma nyuma. Kulikuwa na shayiri. Nikamwonyesha.

"Hiyo si ile ya kawaida," akasema. "Hiyo ni shayiri ya dawa."

Ebo! Shayiri ya dawa! Nilimfungulia mlango aondoke, bila kumkaribisha chai. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba nikitaka hao bakteria wazuri, maziwa ya mala yanatosha, tena yasiwe mabichi, yawe yaliyochemshwa kwanza kabla ya kugandishwa. Uji wa kuchachuka pia alisema ninywe, ingawa ukishapikwa bakteria wengi hufa, kwa sababu ni chakula chepesi kwa tumbo lililojeruhiwa. Akaongeza kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachonipa ruhusa ya kula ngano.

Mimba ilipofika mwezi wa tano niliambiwa nipunguze kazi, nipumzike. Mume wangu anafundisha Lugari na huja mwisho wa wiki tu. Mama yake akaja mwenyewe kutoka Khwisero, akabeba begi langu kichwani, akasema, "Twende nyumbani. Hapa mjini utalala njaa ukiwa na pesa." Nilifurahi, nasema kweli. Nilimpenda yule mama. Jioni hiyo hiyo nilikaa naye jikoni nikamweleza ugonjwa wangu wote tangu mwanzo. Nikamwambia ngano hata iliyobaki kwenye mwiko ni mbaya kwangu. Alisikiliza huku akichambua mboga za tsisaka, akasema, "Nimesikia, mwana wangu."

Na chakula chake kilikuwa ndicho hasa nilichohitaji. Obusuma, yaani ugali, ya wimbi na mihogo, ile nyeusi inayovutika kidogo. Mboga ya mrenda. Samaki. Ingokho, kuku wa kienyeji, aliyechemshwa kwa chumvi na nyanya bila kuongezewa unga kwenye mchuzi. Zaidi ya yote, uji. Alikoroga unga wa wimbi na maji, akaacha chungu karibu na mafiga hadi kitoe mapovu na ule uchachu unaowasha pua, kisha ndipo akaupika. Nilikunywa kikombe kikubwa kila asubuhi. Mashavu yakarudi. Mtoto akaanza kucheza.

Halafu tumbo likaanza tena. Kwanza gesi, nikafura kama ngoma. Kisha vidonda mdomoni. Kisha choo, kile choo ninachokijua, cha kukimbilia gizani na tochi. Nikaanza kujichunguza kama polisi. Labda ni wale dagaa wa omena, nikaacha omena. Labda ni maharagwe, nikaacha. Nikaacha mala. Nikaacha hata ndizi. Nilibakisha uji peke yake, kwa sababu uji ndio uliokuwa mpole kwangu, na siku hizo ulikuwa umekuwa laini zaidi, unateleza. Nilimsifu. Nikamwambia, "Mama, huu uji umekuwa mtamu hata zaidi." Akatabasamu akaniongezea.

Pale kliniki nesi alinipima tumbo kwa utepe, akapima tena. Akasema mtoto ni mdogo kuliko miezi yake na mimi nimepungua kilo. "Unakula kweli?" akaniuliza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili njia nzima, nikimwambia aliye ndani angoje, asitoke, mama yake anatafuta kosa liko wapi.

Alhamisi moja akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Mama mkwe aliwapikia chai na chapati, akazipanga kwenye hotipoti ya wageni, maana mgeni bila chapati huko kwetu ni kama hujampokea. Mimi nilikaa kando na kikombe changu cha uji. Mmoja wao akaniuliza kwa nini sili chapati, na kabla sijafungua mdomo mama mkwe alinijibia, kwa furaha kabisa:

"Huyu alidanganywa na daktari ati ngano itamuua. Na mimi namwekeanga kwa uji kila siku, kidogo tu, kiganja kimoja, naichachusha pamoja na wimbi ili isisikike. Si huyu hapa? Amekufa?"

Wakacheka. Mmoja akasema Mungu ni mwema. Mwingine akapiga makofi.

Sijui kikombe kilitokaje mkononi mwangu. Nakumbuka uji ukiwa ukutani, na mimi nimesimama, na sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia, "Wewe mama! Mtoto wangu anakufa njaa ndani ya tumbo, na wewe unapigiwa makofi?" Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki hapa. Mama mkwe hafokewi. Hafokewi hata akiwa peke yake jikoni, sembuse mbele ya wenzake wa kanisani, na kitambaa cha kanisa kichwani. Wale wanawake walitazama chini kana kwamba nimevua nguo.

Mama mkwe hakufoka. Alikaa akishika ukingo wa meza. "Mimi nimezaa nikiwa na njaa," akasema. "Chapati nilikulanga Krismasi peke yake, na hapo ni kipande, tunagawana na watoto. Nikaona wewe mwili umeisha, unakunywa wimbi tu kama mtu hana kwao. Nikasema mjukuu wangu hatakosa ngano kwa nyumba yangu."

Hapo ndipo hasira yangu ilizidi. Angenichukia ningejua la kufanya. Angeweka sumu ningeita chifu. Lakini mtu anakuua kwa kukupenda, kwa chakula chenyewe anachokiona kuwa heshima, halafu anakutazama kwa macho yaliyojaa machozi, utamshtaki wapi? Nilikusanya nguo zangu nikarudi Shirere jioni ile ile.

Mume wangu alifika Jumamosi. Nilidhani amekuja kuniuliza hali ya mtoto. Akasimama mlangoni akasema mama hali chakula, wazee wamesikia, itabidi nipeleke kuku nikaombe msamaha kwa kumvunjia mama heshima.

"Kuku?" nikamwambia. "Mimi ndio nipeleke kuku? Aki wewe! Niletee mimi huyo kuku, nimle mimi, damu irudi!"

Akasema nilivyosema yale maneno ilikuwa vibaya. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa vibaya, na ningeyasema tena. Akakaa kitandani akashika kichwa. Baadaye alitoka akarudi na maini na mboga, akapika mwenyewe kwenye sufuria niliyomwonyesha, akanipa. Hatukuongea habari ya kuku tena, wala kuku mwenyewe hajapelekwa mpaka leo.

Tumbo lilichukua wiki nyingi kutulia. Mtoto alizaliwa mdogo, lakini alizaliwa akilia, na sauti ile niliisikiliza kama mtu aliyeachiwa huru. Ni msichana. Daktari alisema huenda akaurithi ugonjwa wangu, huenda asiurithi, tutampima akikua kidogo na tumbo lake litazamwe kwa makini.

Mtoto alipofika umri wa kuanza kula, mama mkwe alikuja Shirere. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu siku ile. Aliketi kwenye ukingo wa kochi, akafungua mkoba, akatoa mfuko mdogo uliofungwa vizuri kwa kamba. Unga wa wimbi.

"Nimesaga kwa jiwe, mimi mwenyewe," akasema. "Jiwe nimeliosha. Ngano nimetoa kwa nyumba, hakuna hata punje. Mtengenezee kukhu wangu uji." Huku kwetu mtoto aliyepewa jina la nyanya huitwa kukhu, na binti yangu ana jina lake.

Nilifungua mfuko nikanusa. Ulikuwa na harufu nzuri mno, ile ile ya jikoni Khwisero. Huenda ulikuwa safi kabisa. Nilitaka uwe safi. Niliufunga tena nikamrudishia mkononi.

"Mama, siwezi."

"Naapa kwa Mungu."

"Najua umeapa. Siwezi."

"Mpaka lini?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nilikuwa bado nimekasirika, nimekasirika hata na yeye kuzeeka, na vidole vyake vilivyochubuka kwa jiwe la kusagia. Akauweka mfuko mkobani, akauliza kama anaweza kumpakata mtoto wakati mimi napika. Nikampa. Mtoto akamcheka, akamshika kitambaa. Kisha nikalivuta jiko la mkaa hadi upande wa pili wa chumba, ili nipike viazi vya mwanangu nikiitazama mikono ya nyanya yake.