Ngazi ya Mlangoni Iliyonitia Shakani kwa Mume Wangu

Msomaji huyu wa upande wa Elburgon ametuomba tusilitaje jina lake, nasi tumemficha. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu. Nilisoma kwa wamisheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie mwandiko ukipinda. Huu ni mwaka wa tatu tangu niolewe, na bado sina mtoto. Mume wangu ni fundi wa zege. Anajenga matangi ya maji na sakafu za mazizi kwenye mashamba ya Wazungu kuanzia Nakuru hadi Gilgil. Mwisho wa mwezi huja na treni, hulala siku mbili, kisha hurudi kazini. Mimi hubaki hapa katika nyumba yetu ya mabanzi ya mbao, mimi na mvua.

Msifikiri ni mtu mbaya. Hanipigi, halewi, na chakula hakikosekani. Shida yake haongei. Nikimwuliza safari ilikuwaje, anasema nzuri. Nikimwuliza kazi, anasema iko. Baada ya hapo ni kuni tu zinazosikika jikoni. Nakaa mwezi mzima nikiisubiri sauti yake, halafu napewa maneno mawili. Naona upweke zaidi akiwepo kuliko akiwa hayupo.

Siku moja, kwa kukosa la kusema, nilimwuliza zege huchanganywaje. Mungu wangu, mtu akaongea mpaka chai ikapoa. Nikajua nimepata pa kumshikia. Kutoka siku hiyo kila mwezi nilimwekea maswali kama wengine wanavyowawekea waume zao nyama.

Aliniambia simiti isiwekwe chini, itavuta unyevu igande kabla ya kazi. Mchanga usuguliwe kwa kiganja. Ukiacha tope mkononi, uoshwe. Mchanga wa kando ya ziwa hataki hata kuuona, ati una magadi. Debe moja la simiti, mawili ya mchanga, manne ya kokoto, vyote vigeuzwe vikavu mpaka viwe rangi moja, ndipo maji yaingie kidogo kidogo.

"Wavivu wanamwaga maji mengi ndiyo sepetu iwe nyepesi," alisema. "Hiyo zege haina nguvu. Na watu wanafikiri inakauka kama matope. Haikauki, inashika, na kushika inataka maji. Siku za kwanza usiiache hata kidogo. Ukiisahau hapo, kuimwagia baadaye haisaidii sana."

Nilimtazama tu. Mimi aliniacha siku ya tatu baada ya harusi, akakimbilia tangi la mtu. Lakini nikamwongezea chai tu, nisije nikamkatiza.

Basi maswali yakaniishia. Nikarudia la mchanga, akasema, "Hayo si nilishakuambia?" Akageukia ukuta.

Hapo mlangoni petu, mvua ikinyesha, ni tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mume wangu aliahidi ngazi ya zege tangu mwaka jana. Simiti ilikuwapo, nusu gunia, nami nilikuwa nimeipandisha darini juu ya meko ili isipate unyevu. Nikaamua kuitengeneza ngazi mwenyewe, nimfurahishe, na zaidi ya yote tupate la kuzungumza. Nilibeba mchanga kutoka mtoni, nikaponda mawe kwa nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikapigilia mabanzi kuwa fremu. Nilichanganya zege majirani wakiwa shambani, maana sikutaka kuchekwa. Nikashindilia kwa mti mpaka hewa ikatoka, nikafunika kwa magunia mabichi, na kwa wiki nzima nikainywesha asubuhi na jioni. Sikumbuki wiki nyingine niliyokuwa na furaha hivyo katika nyumba hii.

Mume wangu alipofika alisimama juu ya ngazi. Akaipiga kwa kisigino, akachukua nyundo akaigonga, ikatoa mlio mkavu. Akapitisha kidole pembeni akitafuta matundu, akayakosa. Mimi niko mlangoni nangoja.

"Fundi gani amefanya hii?" akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe?" Hakucheka. "Hii ni kazi ya fundi. Nakuuliza tena, ni mwanamume gani anakuja hapa nikiwa Nakuru?"

Nilimtajia madebe, mchanga, magunia, kila kitu alichonifundisha. Akasema hayo ndiyo maneno ya huyo fundi wangu. Ndugu zangu, jioni ile mume wangu aliongea kuliko miaka yote mitatu, na yote yalikuwa ya kunihukumu. Kesho yake alipanda treni bila hata kuaga.

Wiki iliyopita mdogo wake alikuja. "Shemeji, amesema mwisho wa mwezi umtaje huyo mtu, ama akurudishe kwa baba yako." Mama mkwe naye ananishauri kwa wema: "Mwanangu, sema tu ulimwita fundi fulani akusaidie, uombe msamaha, yaishe." Lakini nitamtaja nani, na huyo mtu ana kosa gani?

Simiti imebaki kidogo, inatosha kipande cha ngazi ya pili. Naweza kuchanganya mbele yake na mbele ya mama yake, waone. Najua haitanishinda. Kinachonitisha ni kesho yake. Ataamini, atanyamaza, atakaa pale pale kwenye kiti chake, na mimi sina swali lililobaki.

Ngazi imeshashika, haihitaji maji tena. Bado nainyunyizia jioni, kwa sababu nimezoea kuwa na kitu kinachonisubiri.

Nishaurini, wasomaji wenzangu. Niishike sepetu mbele yake nilinde jina langu, au nifunge mzigo wangu niende kwa baba kabla treni haijafika? Nifanye nini?