Kurasa Nilizoziruka

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na shida ikaingia kwetu bila kubisha hodi. Tulikuwa tukiishi Muthurwa, katika nyumba aliyopewa kwa sababu ya kazi yake ya reli. Kazi ilipokwisha, nyumba nayo ikaenda. Nikatolewa darasa la tatu na sikurudi tena. Nasema waziwazi kwa sababu wapo watu hapa mtaani wanaodhani anayejua Kijerumani lazima alisomeshwa ng'ambo. Sijawahi kupanda ndege. Kijerumani nilijifunza nikiwa nimevaa aproni.

Nilimfanyia kazi mjane mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu, kwa miaka ishirini na miwili. Macho yake yalipoanza kufifia, alinikalisha mezani akanifundisha kusoma lugha yake, herufi kwa herufi, ili nimsomee. Hakuwa mpole. Nikikosea aligonga meza kwa kijiko. Kitabu alichokipenda kilikuwa cha mwanafalsafa wa kwao wa zamani, aliyeeleza jinsi historia ya dunia inavyosonga mbele, taifa moja likiupokea uhuru kutoka kwa lingine na kuukuza. Tulikisoma mara nne. Kila tulipofika mahali fulani karibu na mwanzo, aliinua mkono akaniambia niruke, twende kwenye sura ya Uchina. Niliruka. Nilidhani kurasa hizo zinamchosha.

Alipokufa kitabu kikawa changu. Nilikifunga kwa plastiki nikakiweka chini ya kitanda, nikaenda soko la Kariokor kuanza kushona na kuuza viatu vya ngozi. Nilianza na meza ya kuazima. Hakuna aliyenishika mkono.

Miaka miwili iliyopita, mwalimu wa chuo kikuu aliyekulia mtaani kwetu alinikuta nikibishana bei na mtalii kwa Kijerumani. Alisahau kiatu alichokuwa akijaribu, akabaki amesimama na soksi moja. Kumbe kila Jumamosi alikuwa akifundisha falsafa kwa Kiswahili, katika ukumbi wa kanisa, wanafunzi wa vyuo wanaoishi Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji. Kitabu alichotaka wasome ni kile kile. Nilimuuliza kwa nini wasisome cha Kiingereza. Akasema anataka wabishane na mtu huyo kwa lugha wanayoitumia kugombana nyumbani. Hilo nililielewa, nikakubali kuwatafsiria.

Kazi yangu naifanya hivi. Nasoma sentensi kwa sauti mara mbili, nafunga kitabu, kisha naisema kwa Kiswahili kana kwamba namweleza mteja kwa nini kiatu hiki kitadumu na kile hakitadumu. Ikikataa kusemeka, sijaielewa. Nikishaandika, mwalimu anasahihisha, karatasi zinapigwa fotokopi. Tuligombana mara moja tu. Kile kinachoisukuma historia alitaka tukiite Roho, nami nikamwambia kwamba katika ukumbi ule ukisema Roho watakuitikia amina. Alicheka, na Roho ikabaki.

Hofu ilinianza nilipoona tumekaribia mahali pa kuruka. Jumanne asubuhi, kibandani, nilizisoma kurasa zile kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mtu yule anasema Afrika haimo katika historia ya dunia. Watu wake, kwake yeye, bado wako utotoni, hawana walichokifanya cha kukumbukwa. Halafu anafunga mlango: anasema anaiacha Afrika hapo na hataitaja tena.

Kisu cha ngozi kiliniponyoka. Sikukasirika. Ningekasirika ningemaliza siku vizuri. Niliogopa kwamba ananijua. Cheti cha kuzaliwa sina. Ile miaka kumi niliyoitaja niliambiwa na mama. Baba hakuacha hata picha. Mtu akiniambia sina historia, nitamwonyesha nini? Tena niliwafikiria wale watoto. Kwa Kijerumani hayo ni maneno ya mgeni aliyekufa zamani. Nikiyaandika kwa Kiswahili, yanatoka kinywani mwangu, mimi wanayeniita Shosh kama wanavyowaita nyanya zao.

Hapo ndipo nilipomwelewa mjane na mkono wake. Sijui alikuwa akinilinda mimi au akijilinda yeye.

Basi nikaruka. Nikaunganisha ukurasa wa nyuma na Uchina, kama ninavyounganisha vipande viwili vya ngozi mshono usionekane. Mwalimu alikuwa akisahihisha mitihani, hakukagua. Fotokopi zikatoka na jina lake juu. Tangu siku hiyo, kila simu ikilia, nilijua ni mwalimu.

Jumamosi, kabla hatujaanza, msichana mmoja wa kiti cha mbele, binti wa muuza mboga wa Kariobangi, mbishi tangu siku ya kwanza, aliinua simu yake. Alikuwa na tafsiri ya Kiingereza humo.

"Shosh, hapa katikati pana shimo," akasema. "Afrika imeenda wapi?"

Mwalimu alichukua karatasi, akazitazama, akaniita mlangoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama, jina langu liko hapa juu. Wakiona nimewaficha hili, hawataniamini tena kwa lolote."

Nikamwambia niliwaogopea.

"Hawa ni watoto wa Eastlands, wamezoea matusi. Uliwaogopea wao, au uliogopa wewe?"

Nilirudi ndani, nikachukua kitabu, nikawaambia kwamba niliyeziruka ni mimi, mwalimu hakujua. Kisha nikasoma sentensi ya kwanza mara mbili, nikafunga kitabu, nikaisema. Sikuwa nimejiandaa. Sentensi moja baada ya nyingine, hadi pale anapoiacha Afrika. Hapo nilikunywa maji kwanza.

Nilipomaliza, yule binti alikuwa akiandika, hakuinua kichwa.

"Shosh, huyu mzee alifika hata Mombasa?"

"Hakufika. Aliandika akiwa kwao."

"Basi rudia pole pole. Nataka kumjibu neno kwa neno."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudia. Wiki ile niliziandika kurasa zote, na mwalimu akazikagua mbele yangu, mstari kwa mstari. Sikumlaumu. Mpaka leo kundi jipya likija, naiogopa Jumamosi kuanzia Alhamisi. Lakini kurasa hizo simwachii mtu mwingine azisome.

Leo nina kibanda Kariokor na cherehani mbili za ngozi. Vyumba vinne vya kupangisha Kariobangi, hati kwa jina langu. Kijiko cha yule mjane, nilichokichukua bila kuomba. Kitabu kimoja cha Kijerumani, jalada limeng'oka. Madaftari saba ya Kiswahili kwa mwandiko wangu, na ndani ya daftari la pili, kurasa tisa za Afrika.