Mkamwana wa Mtunza Kiwanja

Aliyenifundisha tenisi hakunifundisha kwa wema. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia kwamba mama wa Kizungu alimpa raketi msichana wa Kinyakyusa ambaye hakuchaguliwa kwenda sekondari, huanza kumtafuta mfadhili ndani ya hadithi isiyo na mfadhili. Yule mama alihitaji mtu wa kumrudishia mpira. Ukuta wa ghala la chai ulikuwepo, lakini ukuta haukimbii. Mimi nilikimbia, kwa hiyo nikawa afadhali kuliko ukuta.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imejaa soko la Tukuyu, maduka ya Bulyaga yalikuwa na sabuni za rangi zote, na kila kitu cha serikali kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe. Shamba la chai nalo lilikuwa linahamia kwa wanunuzi ambao hatukuwajua. Mume wa mama huyo, fundi wa mitambo kutoka Chekoslovakia, aliletwa afufue mashine za kukaushia chai, na mkewe akaja naye kama sanduku la nguo. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Mimi nilikuwa nafua na kupika nyumbani kwao, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Kabla ya kuwa mke wa fundi alikuwa mchezaji wa kulipwa. Habari za kazi yake nilizipata vipande vipande, nikimenya ndizi yeye akifunga bega lake kwa kitambaa cha moto. Alianza na miaka sita, kwa raketi ya mbao ambayo baba yake aliikata mpini. Akiwa na miaka kumi na tatu alichukuliwa kwenye shule ya wachezaji, akawa anamwona mama yake mara mbili kwa mwaka. Alipoanza kusafiri nchi za nje walimtuma na mtu wa kumshikia pasipoti, asije akapotea kwa makusudi. Alishinda, akashindwa, akashinda tena, akaanza kutajwa. Halafu bega likapasuliwa mara mbili. Nchi yake ilifungua milango mwaka uleule bega lilipokataa, na wenzake wakaanza kwenda popote walipotaka huku yeye akijifunza upya kuchana nywele kwa mkono wa kulia. Nilikuwa naona aibu kumsikiliza. Mimi niliyekuwa nikilalamikia baridi ya asubuhi nikipita kwenye mashamba ya chai sikujua kwamba mtu anaweza kutumikishwa hivyo kwa ajili ya mchezo, na bado aulilie ukiondoka.

Mwezi wa kwanza ilimfikia barua. Mashindano ya mji wake, mwezi wa tano, kwenye kiwanja cha udongo mwekundu, na nafasi moja ya mchezaji wa zamani ambaye bado anaweza. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kwetu mwanamke wa umri huo ndiyo kwanza anaanza kusikilizwa kwenye vikao. Yeye alikuwa ameshazeeka. Aliniambia kwamba akiikosa hiyo hakuna nyingine, na alivyokunja ile barua nikajua hatanii.

Bahati yake, klabu ya zamani ya shamba ilikuwa na kiwanja cha udongo, tulichokuwa tukikichezea tangu mwaka uliotangulia. Bahati kubwa zaidi, kilikuwa na mtunzaji. Mzee huyo alianza kuokota mipira ya walowezi akiwa kijana, wakaondoka, yeye akabaki. Aliagiza udongo wa kichuguu kutoka mabondeni upande wa Kyela, akautwanga, akauchekecha, akaumwaga na kuulaza kwa rola la chuma alilolivuta mwenyewe kwa kamba kifuani. Mistari aliichora kwa chokaa. Kwa Tukuyu, ambako mvua hunyesha kama haina kwao, kuwa na kiwanja kikavu saa mbili kwa siku ulikuwa ni ufundi wa huyo mzee na si wa mtu mwingine. Alikuwa akinitania nikikosa mpira, akinionyesha wapi udongo ni laini nisikanyage, akiniita mwanangu. Alinitazama nikikimbia karibu mwaka mzima, kisha akatuma mshenga kwetu Lupepo kuniposa kwa ajili ya kijana wake, dereva wa trekta. Alimwambia mama yangu kuwa kanisani kila msichana ni mzuri, lakini yeye ameniona nikitoka jasho na hajanisikia nikilalamika.

Kijana alikuwa mpole na ananichekesha. Nikakubali. Ng'ombe waliletwa nyumbani siku ya Jumamosi, mwezi wa pili, na Jumatatu nikaenda kazini kama kawaida, raketi mkononi. Nilipokaribia klabu nikasikia rola linakwaruza. Ndipo akili ikanijia. Nilijitupa kwenye vichaka vya chai nikachuchumaa humo, khanga kichwani.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba hawapatani. Ni heshima, tena kubwa. Wakikutana njiani mkamwana anaacha njia, anajificha, na baba mkwe naye anageuza uso. Hawasemezani, hawakai nyumba moja, wala jina lake hulitaji. Mahari ikishapokelewa yameanza, na hayana mwisho. Mzee aliyekuwa akinitazama kuliko mtu yeyote duniani alikuwa ameniposa, na kwa kuniposa akajizuia kunitazama tena. Nilijua haya yote tangu utotoni. Nilichofanya ni ule ujinga wa msichana aliyeposwa: nilifikiri mambo ya nyumbani yatabaki nyumbani.

Yule mama wa Kizungu alisimama peke yake kiwanjani ananiita. Mzee alikuwa ameshaacha rola na kujibanza nyuma ya tanki la maji, na mimi nimo kwenye chai. Mama akatazama huku na huku, akaja akanikuta nimeinama. Aliniuliza mzee amenifanya nini. Nikamwambia hajanifanya kitu, sasa ni baba mkwe wangu. Akaniuliza tena, kwa hasira, kama amenigusa. Ilinichukua asubuhi nzima kumweleza, na alipoelewa alicheka kwa muda mrefu, akidhani ni jambo la wiki moja.

Tukatafuta njia. Mzee alikubali kulaza kiwanja alfajiri na kuondoka kabla sijafika. Akitaka kupita alikohoa mara tatu kutoka mbali, nami nikajificha. Kwa wiki kadhaa ilikwenda hivyo, na mama akaanza kupiga ule mpira wa kuanzia kwa mkono uliopasuliwa hadi mimi nikauogopa. Alikuwa anarudi. Nasema hivyo kama mtu aliyesimama upande wa pili wa wavu: mwezi wa tatu yule mwanamke alikuwa anarudi kweli.

Kisha masika yakakolea. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika, ikarudi. Ikikatika, ilibidi mzee awepo palepale afagie maji, amwage udongo mkavu, avute rola. Na ilibidi sisi tucheze palepale kabla haijarudi. Yeye akiwepo mimi sipo. Mimi nikiwepo yeye hayupo na kiwanja ni tope. Zilipita siku nne bila kupiga mpira hata mmoja, halafu sita. Mama aliacha kula vizuri. Nilimwendea mama mkwe wangu mtarajiwa nikamuuliza kama kuna njia ya kulegeza, hata kwa mwezi mmoja. Aliniuliza kwa upole kama naumwa. Mkamwana anayeomba kuonwa na baba mkwe ili arushe kimpira, alisema, hilo hata kulisimulia hawezi.

Siku hiyo mimi na yule mama wa Kizungu tulikuwa jikoni kwake, mvua inapiga bati hadi tunasemeshana kwa sauti ya juu. Alikuwa amekaa sakafuni na mgongo ukutani. Alisema kwa kile Kiswahili chake cha kuokota neno mojamoja:

"Mimi nina wiki tano. Baada ya wiki tano mimi siyo mchezaji. Mimi mke wa fundi."

Nikamwambia pole, mama.

"Kama mzee hayupo pale, wewe unacheza?"

Nilielewa alichokuwa anauliza. Sikuwa mtoto. Wakati huo wenye shamba wapya walikuwa wanatengeneza orodha ya watu wa kupunguzwa, na mumewe alikuwa anakula na meneja. Ningeweza kumwambia mzee ana miaka mingi hapa, ana familia, mwache. Ningeweza kusema kiwanja bila mzee si kiwanja. Lakini na mimi nilikuwa nataka kucheza. Hilo sijapata kulisema kanisani wala nyumbani: kwamba hakuna kitu nilichowahi kukifanya vizuri kuliko kile, na nilikuwa naona kinakwenda.

"Ndiyo," nikasema.

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi wiki iliyofuata. Wachumaji, walinzi, makarani wawili, na mtunza kiwanja. Wengi wangepunguzwa hata mimi ningekuwa bubu, na kwa miaka mingi nimejipoza kwa hilo. Halipozi. Mzee alikabidhi ufagio, chekeche na ndoo ya chokaa, akaenda nyumbani. Mchumba wangu aliniambia kwamba baba yake amekaa tu anatazama mikono yake. Nikamwambia pole sana. Kesho yake nikaenda kucheza.

Walimpa kazi hiyo kibarua wa bustani, naye akawa anavuta rola kama anavuta ng'ombe mkaidi, mara moja, basi. Hakujua udongo unachekechwa vipi wala unamwagwa ukiwa mkavu kiasi gani. Kiwanja kilianza kuota mashimo. Mpira ulikuwa ukigonga chini unakwenda unakotaka wenyewe. Mama aliona, mimi niliona, tukaendelea kucheza. Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu asafiri alipokimbilia mpira wa kawaida kabisa, mpira nilioupiga mimi, mguu ukaingia pale ambapo mzee zamani alinikataza nisikanyage. Nilisikia kifundo kikilia nikiwa upande wa pili wa wavu. Hakupiga kelele. Alilala chali kwenye udongo mwekundu, mvua ikaanza kumnyeshea usoni, akawa anasema jambo moja kwa lugha yake, tena na tena, nami nimemshika mkono. Huo ndio mwisho wa kazi yake ya miaka mingi. Walioushuhudia ni mimi na yule kibarua.

Waliondoka mwezi wa saba. Aliniachia raketi moja na sweta. Hakuandika tena, na simlaumu.

Mimi nilifunga ndoa, nikahamia kwa watu wangu wa heshima. Mzee aliyekuwa akishinda kiwanjani sasa alishinda nyumbani, na mimi nikawa naishi kwa kujificha: natoka mlango wa nyuma, nachota maji kwa kuzunguka migombani, nasubiri akohoe. Hata hapo alikohoa mara tatu. Salamu na shida zote zilipita kwa mama mkwe. Alimtuma aniulize kama chumvi ipo, kama mtoto amepona kikohozi. Na siku moja, nikiwa na mimba ya pili, mama mkwe alikuja jikoni akasema mzee anauliza kama yule mama alishinda kule kwao.

Nilikuwa napondaponda viazi. Sikuinua kichwa. Nikasema, mwambie alishinda.

Nilisikia kupitia ukuta wa mabanzi wa jiko alipopokea jibu. Alisema "Ndaga fijo," asante sana, kana kwamba mimi ndiye niliyempa zawadi. Tangu hapo likawa neno lake. Wageni wakija aliwaambia kuna mwanamke alishinda Ulaya kwa sababu alifanyia mazoezi kwenye udongo wake, na kwamba kazi aliyofukuzwa haikuwa ya bure. Nilimsikia akilisimulia hilo miaka tisa.

Alipougua alilazwa hospitali ya Igogwe. Wanawake wa nyumbani tulikwenda kwa zamu. Wenzangu waliingia wodini, mimi nilikaa nje chini ya dirisha na chakula nilichompikia, mama mkwe akawa anatoka kuja kukichukua. Siku ya mwisho nilimsikia akimsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili habari za udongo wa kichuguu, pumzi inakatika, anapumzika, anaendelea. Dirisha lilikuwa wazi. Baina yetu palikuwa na hatua nne. Nilikuwa nimeshayapanga maneno: baba, ni mimi niliyesema ndiyo, na yule mama hakushinda.

Sikuyasema. Alifariki alasiri hiyo, na watu wakanisifu kwa jinsi nilivyomheshimu baba mkwe wangu hadi mwisho, bila kumkaribia hata alipokuwa anakata roho. Nikawaachia waseme. Lakini mila haikuwahi kunizuia. Kwa miaka tisa habari ya chumvi ilimfikia kila siku kupitia kwa mama mkwe, na hii nayo ingemfikia vilevile. Niliogopa tu, na heshima ikanipa mahali pa kujificha.