Asha wa Njiani

Wakati wa Mwingereza, ukisimama katikati ya Cheyo, pale Tabora mjini, ukaita "Asha", ungeitikiwa "abee" kutoka kila upande wa mtaa. Kulikuwa na Asha wa fundi viatu, Asha mrefu, Asha wa kisimani, Asha wa meno, na mmoja, maskini, aliyeitwa Asha yule mwingine kwa sababu sifa zote zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Mimi nilikuwa Asha wa Njiani. Sikulipenda jina hilo hata kidogo, hasa lilipotamkwa na watoto wa mjini, ambao hawakuwa na adabu.

Kwetu hakukuwa na Asha mwingine. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Tabora mjini, pembeni mwa njia ya zamani ya misafara, na watu wake walikuwa Wamoravian, wakulima wa mtama na karanga. Kanisani walikuwa na majina ya Kitabuni na nyumbani wakaitana kwa majina ya mababu. Katikati yao nikawa mimi, binti wa mzee wa kanisa, mwenye jina la mke wa Mtume wa Waislamu. Wageni wa kanisa waliponiuliza jina, baba alianza kukohoa kabla sijajibu.

Haya yote yalitokana na shangazi yangu na salamu zake. Nitaeleza.

Mama alizika watoto watatu kabla yangu, mmoja baada ya mwingine. Kwa desturi ya wazee wetu, mama akizika mfululizo namna hiyo, mtoto anayefuata hapewi jina na wazazi wake. Huwekwa kwenye ungo na kuachwa njiani alfajiri, kana kwamba hana mwenyewe. Mwanamke wa kwanza kupita humwokota na kumpa jina. Hapo ndipo mama hutokea, akatoa kuku, akamwomba mtoto yule kama mtu anayeomba mtoto wa jirani amlelee. Kifo kikija kuuliza mtoto wa mama yule, hakimpati.

Bila shaka mwanamke huyo wa kwanza hupangwa. Kwangu alipangwa shangazi, dada yake baba, naye alikuwa na jina la bibi yetu tayari mdomoni. Baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, aliamkia shambani siku hiyo ili asione kinachofanyika. Mama aliniweka njiani kwenye ungo, juu ya majani makavu, akajificha kwenye mtama. Shangazi akatoka kwake mapema kabisa, na baada ya hatua chache tu akakutana na mkwewe.

Kwetu mwanamke hampiti mkwewe hivihivi. Hutoka njiani, hupiga magoti, huinamisha macho, na hujibu habari za nyumba, za mifugo, za mvua, za wagonjwa na za waliopona. Mzee yule alikuwa na nafasi siku hiyo, na alipenda sana kusalimiwa. Shangazi alinihadithia mara nyingi jinsi alivyokuwa akijibu "wazima, wazima" huku roho yake iko kwenye ungo. Lakini kuinuka hakuweza. Hata leo nikimfikiria pale chini najua nisingeinuka pia.

Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule na zilibomoa tuta la reli. Treni ya kutoka upande wa Tura ilikwama, na abiria waliokuwa na haraka wakashuka wakaifuata njia ya misafara kwa miguu. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa Cheyo. Alikuwa nyuma ya wenzake, amejitanda kaniki, na ndiye aliyenikuta. Mama alimwona kutoka kwenye mtama lakini hakuweza kutoka wala kusema neno, maana asiyetajiwa jina bado hana mama. Yule mwanamke aliangaza huku na huku, akakaa chini palepale kwenye matope, akanipakata.

"Asha," aliniita. "Asha, Asha."

Basi ikawa hivyo. Shangazi alifika akihema, magoti yamejaa udongo, akakuta mama ameshatoa kuku.

Mwanzoni mama alihuzunika kwa kulikosa jina la bibi. Kisha akaenda mjini, akamuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani maana ya jina lile, naye akamwambia ni neno la Kiarabu, maana yake aliye hai, mwenye kuishi. Mama alirudi nyumbani mtu mwingine. Akaelewa pia kwa nini Cheyo nzima ilijaa akina Asha: wengi wao walikuwa na kaburi dogo la kaka au dada aliyewatangulia, na mama zao walikuwa wameomba kama alivyoomba yeye. Tangu siku hiyo aliamini kwamba yule mgeni alitumwa, na kwamba alilichagua jina lile makusudi ili nisife. Nilipougua surua hakunipa dawa yoyote bila kulitaja jina kwanza, polepole, kama anayehesabu mbegu.

Tatizo likawa ubatizo. Mchungaji wetu hakuwa mtu mbaya, ila alisema waziwazi kwamba jina lile hawezi kulitaja mbele ya meza ya Bwana. Mama naye hakukubali jingine. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na shingo ngumu. Alisema nikivuliwa jina nitakufa, na hakusema zaidi. Miaka ikapita, wenzangu wote wakabatizwa, nami nikabaki nikikaa benchi la nyuma kanisani pamoja na wale wanaojifunza dini ukubwani.

Nilipofika umri wa kwenda skuli ya bweni ya wasichana, mambo yalikaza. Skuli ilikuwa ya misheni na hawakupokea asiyebatizwa. Nilitaka kwenda kuliko kitu chochote, nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Baba akapata wazo ambalo hadi leo naliona la busara: twende kwa aliyetoa jina, atupe ruhusa ya kuliacha. Mama alikubali kwa sababu aliamini yule mama atakataa.

Tulimkuta barazani kwake akishona kofia ya vitobo. Nilimfahamu vizuri, kwani kila tulipokwenda sokoni mama alinipeleka kumwamkia, naye alinipa andazi na kuniita jina langu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo, bi mkubwa," baba alisema, kofia mkononi.

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Baba alizungukazunguka kidogo, kisha akaingia katika jambo lenyewe. "Tumekuja kwa heshima. Jina ulilompa mtoto kanisani halipokelewi. Tunaomba, kama hutakuwa na kinyongo, tumbadilishie. Tunajua ulilichagua kwa wema, kwa ajili ya maana yake."

Sindano ikasimama. "Maana gani?"

"Aliye hai," mama alisema haraka, kama mtoto aliyeulizwa somo analolijua.

Yule mama aliiweka kofia magotini. Alimtazama mama muda mrefu, na niliona kwamba alikuwa anamwonea huruma.

"Mwenzangu, mimi sikuchagua kitu," alisema. "Siku ile nilitoka Tura kuzika. Binti yangu aliolewa kule na mtu wa reli. Alijifungua, akaenda yeye na mtoto wake. Yeye ndiye Asha. Njia nzima mdomoni mwangu hakukuwa na neno jingine. Nikamwona huyu kwenye ungo, nikasema lile lililokuwemo."

Kisha akaongeza, "Nilidhani mnajua."

Baba alisema maneno ya pole. Mimi niliogopa, nasema wazi. Miaka yote hiyo nilidhani nimevaa kinga, kumbe nilivaa jina la marehemu. Yule mama akamwambia baba kwamba ruhusa tunayo, tufanye kanisa linavyotaka, yeye hana neno. Akachukua sindano yake, lakini alipojaribu kuitia uzi akashindwa, nikamtilia mimi.

Tulipokuwa njiani baba alizungumza kwa upole, na sikumsikia hata mara moja akijisifu. "Umesikia mwenyewe, mama watoto. Mwenye jina alikufa akiwa nalo. Halimlindi mtu."

Mama alitembea mbele yetu. Nilijua imani yake imevunjika, na ingawa skuli sasa ilikuwa karibu, sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilitamani ageuke aniite, asiniite jina lolote, aniite tu. Lakini aliendelea kutembea. Usiku ule na siku zilizofuata alifanya kazi zake kama kawaida, na baba alipomwambia kwamba amekubaliana na mchungaji juu ya jina jipya, la mwanamke wa Agano la Kale, aliitikia kwa kichwa.

Jumapili nilisimama mbele nimevaa gauni jeupe la kuazima, lililonibana kwapani. Mchungaji alifungua kitabu chake, akawageukia wazazi.

"Mtoto huyu aitwe nani?"

Kujibu ilikuwa kazi ya baba. Alifungua mdomo, na mama akajibu kabla yake.

"Asha."

Mchungaji akainamisha kitabu. "Mama, tulishaelewana."

"Tulielewana," mama alisema. "Nilidhani jina ndilo linalomweka mtoto hai. Sasa najua haliwezi. Ni Mungu amemweka, nimekubali."

Mchungaji aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akidhani amemaliza.

"Lakini yule mama alizika mwanawe Tura," mama aliendelea kwa sauti yake ileile ndogo, "akafika kwetu na jina ambalo halina wa kuliitikia. Huyu wangu ndiye anayemwitikia. Mkimpa jina jingine, yule atamwita nani?"

Mchungaji alisimama, mkono wake juu ya bakuli la maji. Alimtazama baba, naye baba akamtazama mama. Kisha mchungaji akauchovya ule mkono, akauweka juu ya kichwa changu, akaniita Asha.